Msema Pweke Hakosi: Mdahalo wa 2027 Uwe wa Wagombea Wote

Makomredi, leo nataka tuongee kitu kimoja tu: mdahalo wa urais wa 2027, na nani ataruhusiwa kupanda pale juu.

Naanza na usiku wa tarehe 26 Julai 2022. Nilikuwa Kisauni, kwa kibanda cha chai kilicho karibu na kwetu. Runinga ndogo iko juu ya friji ya soda, watu wamejaa mpaka barazani, wengine wamekalia kreti. Uchaguzi ulikuwa umebakisha wiki mbili. Saa mbili ilipofika tukamwona William Ruto, wakati huo Naibu Rais, amesimama jukwaani peke yake kule Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Karen, Nairobi. Hayati Raila Odinga alikuwa amekataa kuja. Dakika 90 mtu mmoja anaulizwa maswali na waandishi wa habari, na hakuna mpinzani hata mmoja wa kumwambia, "Hapo ndugu yangu umetudanganya." Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu akamaliza chai yake, akasema, "Msema pweke hakosi," akalipa, akaenda zake kulala.

Kabla ya hapo, saa za jioni, kulikuwa na kikao kingine. Hicho kilikuwa cha "wale wadogo." Waandalizi walikuwa wameweka kizingiti: ukipata chini ya asilimia 5 kwenye kura za maoni, huna ruhusa ya kusimama na wakubwa, unatengewa saa yako ya mapema. David Mwaure Waihiga akaja, akaongea peke yake. George Wajackoyah akafika mpaka ukumbini, akasema anataka kusimama na wagombea wote wanne kwa pamoja, akakataliwa, akageuza akaondoka.

Sasa hesabu nami. Karatasi ya kura ilikuwa na majina manne. Usiku mzima wa mdahalo, hakuna wagombea wawili waliokutana uso kwa uso hata kwa dakika moja. Mmoja alikataa kuja, mmoja aliondoka, na wawili walizungumza kila mtu kivyake. Halafu tukaambiwa tumeona mdahalo wa urais. Mdahalo gani huo wa mtu mmoja?

Na niseme ukweli wangu hapa hapa, kabla mtu hajaniumbua kwenye komenti. Wajackoyah alipoondoka, mimi nilicheka. Mwaka ule nilikuwa nashangilia mmoja wa wale wawili wakubwa, na niliona huyu wa bangi na sumu ya nyoka anatupotezea muda. Leo niko upande wa pili wa mlango. Nazunguka mtaa kwa mtaa kuandikisha wanachama wa chama kidogo, kwa sababu sheria inadai wanachama 1,000 kwa kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti zote, ndipo chama kisajiliwe kikamilifu. Juzi niko Likoni, mama mmoja anayeuza mahamri amenisikiliza vizuri, ameipenda sera, halafu ananiuliza: "Sasa huyo mtu wenu mimi nitamsikia wapi? Kwa TV si wanakuja wale wawili tu?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika.

2013 iliwezekana

Wanaosema wagombea wengi hawawezi kutoshea jukwaani wanafikiri tumesahau. Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza kabisa wa urais tarehe 11 Februari 2013, katika shule ya Brookhouse, Nairobi. Mwanzoni walioalikwa walikuwa 6. Paul Muite, aliyeachwa nje, akaenda mahakamani. Siku ilipofika, jukwaani walisimama wote 8: Uhuru Kenyatta, Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Peter Kenneth, Martha Karua, James ole Kiyiapi, Muite mwenyewe, na mwalimu mmoja ambaye Wakenya wengi hawakuwahi kumsikia, Mohamed Abduba Dida.

Mnakumbuka kilichotokea? Kesho yake kila mtu, matatuni na kazini, alikuwa anaongea kuhusu Dida. Hakuwa na helikopta, hakuwa na msafara wa magari, mabango yake ungeyatafuta kwa tochi. Alikuwa na kipaza sauti kimoja kwa usiku mmoja, sawa na cha Uhuru na Raila. Kura zilipohesabiwa mwezi wa Machi, Dida alipata 52,848. Martha Karua, aliyekuwa waziri na mbunge wa miaka mingi, alipata 43,881. Kiyiapi na Muite pia walibaki nyuma ya yule mwalimu.

Dida hakushinda urais, na hakuna aliyetarajia ashinde. Lakini watu zaidi ya 50,000 walimchagua baada ya kumsikia. Orodha ile ya 6 ingebaki vile ilivyokuwa, wengi wao wasingejua kama yuko duniani.

Halafu mlango ukafungwa

Badala ya kujenga juu ya 2013, wakaja na ngazi. Mwaka 2017 wagombea wakagawanywa kwa kura za maoni: wakubwa saa zao, wadogo saa zao. Matokeo yake ni haya. Mdahalo wa wagombea wenza wa tarehe 17 Julai 2017, aliyejitokeza ni mmoja tu, Muthiora Kariara, mgombea mwenza wa mgombea huru Japheth Kaluyu. Wiki moja baadaye, tarehe 24 Julai, kwenye chuo kilekile cha Karen, Uhuru Kenyatta hakuja na Raila akasimama peke yake kwa dakika 90. Miaka mitano baadaye mambo yakajirudia, safari hii aliyebaki peke yake ni Ruto.

Angalia vizuri ni nani wanaokimbia. Kizingiti kiliwekwa ili Wakenya wapate nafasi ya kuwasikia "wagombea wenye uzito." Mara mbili mfululizo, mgombea mwenye uzito amekacha, na wale walioambiwa ni wepesi ndio waliovaa suti wakaja kujibu maswali. Sasa ni nani aliyewaheshimu wapiga kura?

Na kuna uhusiano kati ya mambo haya mawili. Mkubwa anajua kwamba asipofika, mdahalo umekufa, kwa sababu amebaki mtu mmoja tu wa kuhojiwa. Kutokuja kwake hakumgharimu chochote. Lakini jukwaa lingekuwa na watu watatu, wanne, au wanane wengine, wanabishana, wanataja jina lake na rekodi yake huku yeye hayupo, hapo angefikiria mara mbili. Asiyekuwepo na lake halipo. Kizingiti cha asilimia 5 kimewapa wakubwa uwezo wa kuua mdahalo kwa kubaki nyumbani.

Hebu tujibu hoja zao

Hoja ya kwanza: "Hawa wadogo hawana watu." Sawa. Katiba ya 2010 ilishaweka kichujio chake. Kifungu cha 137 kinasema mgombea urais lazima apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti, katika kaunti nyingi kati ya zote 47. Yaani kaunti 24 angalau, watu 48,000 angalau, wenye majina na nambari za vitambulisho. Kampuni ya kura za maoni inapiga simu kwa watu elfu mbili hivi, halafu kuna kosa la asilimia 2 kwenda juu au chini. Nani ana haki ya kuniambia mgombea ni wa kweli: Wakenya 48,000 waliotia sahihi, au simu elfu mbili? Mtu mwenye asilimia 4 leo huenda ana 6, na mwenye 6 huenda ana 4. Kumfungia mtu mlango kwa tofauti ambayo wapimaji wenyewe hawana uhakika nayo ni kumwonea.

Isitoshe, ni kuku na yai. Ili upate asilimia 5 lazima ujulikane, ili ujulikane lazima upande jukwaani, na ili upande jukwaani lazima uwe na asilimia 5. Mwenye pesa anavunja mzunguko huo kwa mabango na helikopta. Wewe na mimi tunauvunja na nini?

Marekani waliliona hili. Mwaka 1992 Ross Perot, mgombea asiye na chama, alikuwa chini ya asilimia 10 kwenye kura za maoni kabla ya midahalo. Wakamwalika kwenye midahalo yote mitatu, na akamaliza na karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima. Mwaka 1996 hawakumwalika. Kisha, kwa uchaguzi wa 2000, wakaweka kizingiti cha asilimia 15, na tangu hapo hakuna mtu wa tatu aliyesimama kwenye ile midahalo yao mikuu. Kwa kizingiti hicho, Perot wa 1992 asingefika hata mlangoni. Sisi tumechukua mtindo huo, tukaupunguzia namba, tukauita utaratibu.

Hoja ya pili: "Wakiwa wengi itakuwa kelele." Ufaransa, tarehe 4 Aprili 2017, walisimamisha wagombea wote 11 kwa usiku mmoja. Majirani zetu Uganda, Februari 2016, walikuwa nao wote 8 kwa meza moja, hata Museveni aliyekuwa amekacha mdahalo wa kwanza mwezi Januari alikuja. Na sisi wenyewe tulikuwa na 8 mwaka 2013. Huko kote walihitaji saa na mwongozaji anayejua kumkata mtu kauli. Na 2022, kumbukeni, hata kisingizio cha wingi hakikuwepo. Walikuwa wanne! Wanne wanatoshea kwa tuktuk.

Hoja ya tatu: "Wengine ni wachekeshaji, wengine ni vibaraka wa kugawa kura." Inawezekana kabisa. Lakini utajuaje? Kibaraka akitengewa saa ya jioni peke yake, ataongea vizuri kisha aende nyumbani. Msimamishe kando ya bosi wake tuone kama atamuuliza swali moja gumu. Na mchekeshaji aulizwe hesabu ya deni la taifa mbele ya watu wanaojua hesabu hiyo. Kumfungia nje kunampa umaarufu wa bure wa kuonewa, halafu anaondoka bila kujibu chochote. Wajackoyah hakuulizwa usiku ule hiyo bangi ataiuza wapi na kwa bei gani. Kizingiti kilimwokoa.

Hoja ya nne: "Vyombo vya habari ni vya watu binafsi, wanamwalika wanayemtaka." Mdahalo huu unarushwa na vituo vyote kwa wakati mmoja, ikiwemo KBC, ambayo ni mali ya umma. Katiba, kifungu cha 92, inataka vyama vigawiwe muda wa matangazo kwa haki. Ukichukua usiku mzima wa nchi nzima, wiki mbili kabla ya kura, hiyo si sherehe ya nyumbani kwako ambayo unachagua wageni.

Na tusisahau Oktoba 2017. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa Agosti, tume ya IEBC ilitaka marudio yawe ya Uhuru na Raila peke yao. Ekuru Aukot, aliyekuwa amepata kura zisizofika 30,000 nchi nzima, akaenda Mahakama Kuu, na tarehe 11 Oktoba akashinda. Jina lake likarudi kwenye karatasi, na ya wenzake yakafuata. Kama mahakama ilikataa wadogo wafutwe kwenye karatasi ya kura, kwa nini sisi tukubali wafutwe kwenye TV?

Hesabu ya asilimia 50 na kura moja

Hapa ndipo nataka kila kijana wa chama hiki achukue kalamu, maana ukikutana na mtu wa "kura yako itapotea" utamjibu kwa namba.

Kenya haimpi urais aliyeongoza tu. Kifungu cha 138 kinamtaka apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipofikisha, wawili wa juu wanarudi debeni ndani ya siku 30.

Mwaka 2013 Uhuru alitangazwa na asilimia 50.07. Alivuka nusu kwa kura elfu 8 na kidogo. Kura za Dida peke yake zilikuwa mara sita ya hizo.

Mwaka 2022 Ruto alipata 7,176,141 na Raila 6,942,930. Wajackoyah alipata 61,969 na Mwaure 31,987, jumla karibu 94,000. Ruto alivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Yaani kati ya watu zaidi ya milioni saba waliompa kura, kama 70,000 tu wangempa mmoja wa wale wawili waliofungiwa nje, tungekuwa na duru ya pili.

Kwa hiyo mgombea mdogo ana kazi kubwa katika Katiba yetu. Kura zake ndizo zinazoamua kama mshindi anaapishwa moja kwa moja au anarudi kuomba tena kwa unyenyekevu. Kumnyima kipaza sauti ni kuamua matokeo kabla ya watu kupanga foleni. Wale wanaoita uchaguzi "mbio za farasi wawili" wanajua wanachofanya.

Maswali ambayo hakuna mkubwa atayauliza

Lakini tuseme wadogo wote wangepata kura 10 kila mmoja. Bado ningewataka pale juu, kwa sababu moja: kuna maswali ambayo wakubwa wamekubaliana kimyakimya kutoulizana.

Sisi wa Pwani tunayajua. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013, ikiwa na kurasa na kurasa za dhuluma za ardhi. Mpaka leo haijatekelezwa. Maskwota wa Kilifi na Kwale wanazeeka bila hati. Mgombea mkubwa mwenye maelfu ya ekari hatamuuliza mwenzake mwenye maelfu ya ekari umezipataje. Mwongozaji akiuliza, watajibu kwa lugha laini na kusonga mbele, maana kila mmoja anajua mwenzake naye ana la kuficha. Swali hilo linahitaji mtu asiye na shamba la kupoteza, amesimama pale pale, anasema "hujajibu."

Na vijana waliouawa Juni 2024 wakipinga Mswada wa Fedha? Siasa za nchi hii zinajua kupeana mikono. Leo ni mahasimu, kesho wako serikali moja. Wakubwa wakishakula meza moja, nani atabaki wa kuuliza ni nani aliyeamuru risasi?

Tunataka nini

Nimeandika hapa ninayoyataka, myakosoe, lakini tuanze nayo.

1. Kila aliyeidhinishwa na IEBC apande jukwaani. Kichujio ni kile cha Katiba. Wakizidi 8, wagawanywe kwa bahati nasibu hadharani katika siku mbili, wakubwa na wadogo wachanganyike. Kusiwe na saa ya jioni ya maskini.

2. Kanuni zitangazwe mapema, kabla ya wagombea kuidhinishwa, ili mtu asiseme zimetungwa kumlenga fulani.

3. Asiyekuja, nafasi yake ibaki wazi na jina lake liandikwe pale, na waliokuja waendelee kujadiliana wao kwa wao. Tusiletewe tena mahojiano ya mtu mmoja yakaitwa mdahalo.

La nne ni letu wenyewe, na hili litawauma wazee wetu. Chama hiki kipitishe azimio sasa, wakati bado tuko wadogo, kwamba mgombea yeyote tutakayemuunga mkono 2027, awe wetu au wa muungano, atahudhuria mdahalo na atakubali kusimama na kila mgombea aliye kwenye karatasi. Akiwa na asilimia 40 asimkatae mwenye nusu asilimia. Nawajua wanasiasa wetu. Wakiwa nje wanapiga kelele za haki, wakiingia ndani ya muungano mkubwa wanaanza kusema "sisi hatuwezi kujibizana na kila mtu." Tukikubali hilo kwa mtu wetu, basi 2022 tulikuwa tunalia kwa sababu tulikuwa nje tu.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Muda upo. Matawi ya vijana yajadili azimio hili kwenye mkutano ujao, yaandike barua kwa wahariri na wamiliki wa vituo, na nakala zije hapa tuzichapishe zote. Wenye ujuzi wa sheria, tafuteni faili za kesi za Muite na Aukot mtusomee kwa Kiswahili rahisi. Na wale wenye bando, mkiona mtu anaandika "farasi wawili," mpeni zile namba za 2013 na 2022, kwa heshima, bila matusi.

Mimi Jumamosi narudi Likoni. Yule mama wa mahamri bado anangoja kuambiwa atamsikia wapi mtu wetu. Nitamwambia tunapigania mlango, na nitamwomba aitie sahihi hiyo barua.